Sura ya Saba: Tuta Nje ya Mstari

Mkoba wa Mwalimu Lydia ulionekana Jumanne asubuhi, ndani ya tuta, kwenye shamba la Ridhiwani kule Kizwite. Mvua ilikuwa imekwangua ubavu mmoja wa tuta hilo na kuacha ncha ya mkanda ikichungulia. Koplo Maganga ndiye aliyeiona, na kabla hata mkoba haujafutwa matope alikuwa ameshaifunga kesi kichwani mwake.

"Si nilisema, Afande? Tumepekua nyumba, tumepekua duka, tumepekua Kosta mpaka chini ya viti. Kumbe mali iko shambani. Na shamba la nani? La Ridhiwani. Kesho anasomewa mashtaka, keshokutwa mimi na wewe tunapumzika."

Sajenti Bertilla hakuinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa, glavu mikononi, anatoa kitu kimoja kimoja na kukilaza juu ya mfuko wa nailoni, mwenyekiti wa mtaa akishuhudia chini ya mwavuli wake. Simu, imezima. Kitambaa cha kichwa. Rozari ya mbao, ambayo Bertilla aliifuta kwanza kwa leso yake ndipo akaiweka peke yake, mbali na matope. Mwisho ikatoka picha iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka. Ilionyesha korongo kavu, jekundu, na ndani yake nguzo ndefu za mawe zimesimama kama watu waliokataa kukaa, nyingine zimebeba bamba kichwani.

"Ndiyo hayo mawe yenyewe?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndiyo hayo. Isimila, kule Iringa."

Nusu ya Kizwite ilishasikia habari za safari hiyo. Kwaya ilikuwa ipande Kosta ya Ridhiwani baada ya Pasaka, iende ikayaone, na aliyekuwa akipanga kila kitu ni Lydia, mjane kijana, mwalimu wa shule ya msingi. Sasa Lydia alikuwa amelazwa hospitali, fuvu limepata ufa. Jumamosi, siku kumi zilizopita, giza likiingia, wapita njia walimkuta kwenye kichochoro nyuma ya shamba hilihili, amelala kifudifudi, mkoba hana. Alizinduka kesho yake. Jina lake alilijua, watu aliwajua, lakini jioni ile ilikuwa imefutika. Ridhiwani alikamatwa Ijumaa iliyofuata kwa sababu ya simu: kwa wiki nyingi yeye na mjane huyo walikuwa wakipigiana asubuhi na jioni, na sauti ya mwisho aliyoisikia Lydia simuni ilikuwa ya Ridhiwani.

"Mwizi gani huacha simu, Koplo?"

"Sijasema mwizi, nimesema Ridhiwani. Haya ni mapenzi, Afande. Mke kajua, mjane anataka kusema, mwanaume kachanganyikiwa."

Bertilla alisimama akaliangalia shamba. Matuta mabichi yalikuwa yamejipanga mistari mpaka kwenye ua wa michongoma wa nyumba ya Ridhiwani, ya duara, yamevimba kama vyungu vilivyofudikizwa, kama wanavyotengeneza Wafipa kila mwaka mvua zikielekea mwisho. Lile lenye mkoba lilikuwa peke yake, nje ya mstari, karibu na kichochoro.

"Niitie aliyelima," alisema.

Alikuja kibarua mmoja aitwaye Dominiko, jembe begani, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Matuta haya yote ni ya mkono wako?"

"Yote, mama. Kasoro hilo."

"Una hakika?"

"Mimi nalipwa kwa tuta. Lingekuwa langu nisingelisahau."

Mwenyekiti alicheka. Bertilla hakucheka.

"Ulipoliona hukuuliza ni la nani?"

Dominiko alikuna kisogo. "Nilijua Bi Husna ameleta kibarua mwingine kwa siri. Nikanuna tu, mama. Tena lilivyokuwa zuri! Nililizunguka nikaona huyu mtu atanipokonya kazi."

Bertilla alipiga goti. Alichukua kisu akalichana tuta taratibu kutoka juu mpaka chini, kama anayekata mkate wa watoto wengi. Nje ulikuwa udongo. Ndani yake mabonge yalikuwa yamegeuzwa yote, upande wa majani umetazama katikati, na katikati nyasi zilizokatwa zimelazwa mviringo, tabaka juu ya tabaka. Mkoba ulikuwa umekaa hapo kama yai kwenye kiota. Na juu kabisa, mahali Maganga alipoweka buti lake, palikuwa na miche ya maharage, ndiyo kwanza imefungua majani mawili mawili.

"Koplo, toa mguu."

"Kuna nini?"

"Umemkanyaga shahidi wangu."

Maganga aliruka nyuma akitazama chini kama aliyeambiwa nyoka.

"Dominiko, matuta yako yana maharage?" Bertilla aliuliza.

"Hayana, mama. Kupanda ni kazi ya mwenye shamba, na Bi Husna mbegu hajaleta."

"Asante. Nenda kaendelee."

Alipokwisha kuondoka, Bertilla alimgeukia koplo wake. Maganga alikuwa mtu wa Tabora, hajamaliza mwaka Sumbawanga, na baridi ya huku juu alikuwa bado anaitukana kila asubuhi.

"Kwenu mtu akitaka kuficha kitu cha wizi shambani anafanyaje?"

"Anachimba, anafukia, anakimbia."

"Huyu hakukimbia. Amelaza nyasi ili zioze zije ziwe mbolea. Amegeuza udongo vizuri. Kisha, na roho iko juu hivyo, amepanda maharage. Wewe unamwona Ridhiwani anafanya kazi hiyo?"

"Huenda alimlipa mtu."

"Mtu wa kulipwa afukie mkoba asingetia na mbegu zake." Alikuwa akipekua udongo kwa vidole, polepole, mpaka akapata kiharage kimoja kilichogoma kuota. Alikisugua kwa kidole gumba. Kilikuwa cheupe, na ubavu mmoja umemwagiwa madoa ya zambarau.

"Maharage ni maharage, Afande."

"Haya hayauzwi sokoni kwetu. Yanakula kuni kabla hayajaiva, watu wa mjini hawana subira nayo. Nimeyala utotoni mpaka nikayachukia. Yanatoka kijijini Kate." Akakifunga kwenye leso, akaagiza lile tuta lipigwe picha pande zote. "Sasa twende nikaongee na mtu wako wa mapenzi."

*

Ridhiwani aliletwa kutoka mahabusu akiwa peku, ndevu zimemtoka bila mpango, midomo imekauka kwa funga. Hata hapo alikuwa amejitahidi kukunja mikono ya shati vizuri.

"Nieleze safari," Bertilla alisema. "Tangu mwanzo."

"Afande, nimeshaieleza mpaka naiota."

"Basi nieleze unavyoiota. Wazo lilikuwa la nani?"

"La Mwalimu Lydia na rafiki yake, yule Agnesi. Walikuja dukani kwetu mwaka jana wakati wa mavuno, wanauliza kama naweza kuwafikisha Iringa. Wawili tu. Agnesi ndiye aliyekuwa na maneno. Alitoa ile picha ya kalenda, akaniambia wameitunza tangu wako watoto Kate, wameahidiana siku moja watasimama chini ya mawe yale. Mimi nikatania: mimi si teksi, akina mama, jazeni gari ndipo mje."

"Wakajaza?"

"Lydia alijaza. Mwaka huu kaja na Cornelia, yule mwalimu mpya wa kwaya. Cornelia ni mtu wa Iringa, huko anakujua kama jikoni kwake. Basi ikawa Cornelia kasema tulale Mbeya. Cornelia kasema tubebe maji ya kutosha, korongoni ni kukavu kama jangwa. Cornelia kasema tuingie asubuhi kabla mchanga haujachoma miguu. Na Lydia ndiye wa kunipigia: Ridhi, matairi umebadilisha? Ridhi, dereva wako analewa? Anaogopa kuwapeleka watu wa Mungu wakafie njiani. Mke wangu anasikia Ridhi, Ridhi, anabeba godoro anahamia kwa watoto."

"Na Agnesi?"

"Agnesi sikumwona tena."

"Jumamosi ile ulimpigia Lydia ukamwambia nini?"

"Kwamba nimepata dereva wa pili. Nilikuwa gereji, chini ya gari. Hata futari nilifungulia hukohuko, kwa maji ya chupa."

"Nani alikuona?"

"Ilikuwa inaonekana miguu tu, Afande. Nani ataiapia miguu?"

Maganga aligeukia dirisha ili asionekane akitabasamu. Bertilla aliandika kidogo, akafunga kalamu.

"Swali la mwisho. Tuta linatengenezwaje?"

Ridhiwani alimtazama kama mtu anayetegwa. "Unampigia Dominiko," akajibu.

*

Duka la Husna lilikuwa na mchele, sufuria, mablanketi na kila kitu katikati yake. Mwenyewe alikuwa amekaa nyuma ya mizani, ushungi umefungwa vizuri, uso umefungwa zaidi. Alimsalimu Bertilla kwa adabu; Maganga hakumtazama.

"Mumeo kesho anapelekwa mahakamani," Bertilla alisema.

"Apelekwe. Si anapenda safari?"

"Bi Husna, sikuja kutaniana. Wewe mwenyewe ulikwenda ukamtukana Lydia mbele ya kwaya nzima."

"Nilimtukana, sikatai. Nilimwambia kama shida yake ni kuona mawe yaliyosimama, aje jikoni kwangu aone mafiga, yako matatu, atachagua. Aache mume wangu." Alipanga upya mifuko ya chumvi ambayo tayari ilikuwa imepangika. "Mwanamke amefiwa, namhurumia. Lakini huruma yangu haifiki kwenye Kosta."

"Ukamaliza kwa maneno, au ulikwenda na mbele?" Maganga aliingilia.

"Kama ningekwenda mbele, kijana, usingekuwa unauliza. Ungekuwa umeshaambiwa."

Bertilla alivuta kigoda akakaa bila kukaribishwa. "Jumamosi ile, wakati wa kufungua, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Mwezi wa Ramadhani mwanamke anakuwa wapi?"

"Mezani na watoto?"

Mikono ya Husna ilisimama juu ya chumvi.

"Nakuuliza kwa sababu binti yako mkubwa tulipomhoji alisema siku ile walifungua peke yao. Alisema mama alitoka uani. Ua wenu unapakana na kichochoro."

Mteja mmoja alichungulia mlangoni. Husna alimwondoa kwa kidole.

"Futari imepoa mezani, mtu hajarudi," alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Uji umeganda. Nikajua leo ndiyo leo. Nikatoka nikajibanza kwenye michongoma, miiba ikanishika ushungi. Huyo mjane njia yake ni ile. Nikasema watakutana hapa, na mimi nitawatokea hapahapa, niwashike wote wawili kwa mikono yangu."

"Uliwaona?"

"Giza. Nilisikia. Alikuwa Lydia, na mwenzake." Alisukuma mizani pembeni. "Mwenzake alikuwa mwanamke."

"Mwanamke!" Maganga alipiga kaunta. "Mumeo yuko ndani tangu Ijumaa, na wewe unajua alikuwa mwanamke?"

"Usinipigie kelele dukani kwangu. Nilijisikia aibu. Mtu mzima nimejichomachoma miiba, kumbe wenzangu wanapiga soga zao. Nikarudi ndani, yaliyotokea nyuma sikuyajua mpaka kesho yake. Alipokuja kukamatwa nikasema, acha alale huko kidogo. Alale na kunguni, ajifunze kupokea simu za wajane. Ningemtoa."

"Lini?"

"Kabla ya Idi. Nani angeninunulia mbuzi?"

Bertilla hakuinua sauti. "Na kama kesho wangempeleka gerezani, si mahabusu yetu hapa mjini, ungemtoa na nani?"

Husna alishika ncha ya ushungi akajifuta macho, upesi, kama anayefuta vumbi.

"Walikuwa wanasema nini?" Bertilla aliendelea.

"Kifipa. Mimi Kifipa changu ni cha salamu na bei. Nilishika neno moja, jina la Cornelia. Yule wa pili alilitaja, akalirudia, akalirudia tena, kama mtu anayetema kitu kichungu."

"Lydia alijibu nini?"

"Alicheka."

"Hayo yote utayasema kituoni, uyatie sahihi. Leo."

"Na Ridhi?"

"Funga duka kwanza," Bertilla alisema.

Nje, Maganga alikuwa ameshafungua mlango wa gari. "Afande, tumempata! Cornelia! Twende kwake kabla hajapata habari."

"Cornelia ni Mhehe, amekuja huku majuzi tu. Kifipa alijifunzia wapi? Na wewe, Koplo, ukigombana na mtu unalitaja jina lako mwenyewe, unalirudia na kulitema?"

Maganga alibaki na mguu mmoja ndani ya gari.

"Tafuta mwanamke, Mfipa, mtu wa jembe," Bertilla alisema. "Daktari alituambia Lydia amepigwa kwa nyuma, kwa mti wa mviringo. Mpini. Basi mtu huyo alikuwa anatoka shamba, na mbegu zilizobaki amezifunga kwenye pindo la kanga. Lydia hakukimbia, hakupiga yowe. Alicheka na akampa mgongo. Mgongo unampa mtu unayemwamini. Na mtu huyo jina la Cornelia linamkaa kooni."

"Na mbegu za Kate," Maganga alisema taratibu. Kisha akageuka. "Lakini Afande, yule Agnesi si ndiye anayemuuguza?"

"Washa gari."

*

Wodini jua la jioni lilikuwa limelala juu ya vitanda. Lydia alikuwa kitanda cha dirishani, kichwa kimefungwa bandeji, na Agnesi amekaa pembeni yake, mkono mmoja umeshika kisogo cha mgonjwa, mwingine kijiko cha uji wa ulezi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mabega ya jembe, gauni safi lililofifia. Chini ya kitanda mkeka wake ulikuwa umekunjwa vizuri. Manesi walishamwambia Bertilla, zaidi ya mara moja, kwamba ndugu wa damu hawauguzi hivyo.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, Agnesi. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Leo amekula vizuri. Watu ndio wanamchosha. Yule Cornelia amekuja tena jana na chupa yake, nimemwambia amelala."

"Alikuwa amelala?"

"Alikuwa anataka kulala."

Lydia alifungua macho, akamtambua Bertilla, akatikisa kidole kidogo juu ya shuka kumsalimu.

"Agnesi, naomba tuongee hapo nje."

"Amalize kwanza. Ukipoa hataki."

Bertilla alisubiri. Alisimama mguuni mwa kitanda mpaka kijiko cha mwisho, mpaka midomo ya Lydia ikafutwa kwa pembe ya kanga na mto ukageuzwa upande wa baridi. Agnesi alipotaka kuinuka, Lydia alikuwa ameshika pindo la kanga yake. Agnesi alivikunjua vidole vile kimoja kimoja, kwa upole, akatoka.

Barazani Maganga alisogea pembeni, akakaa karibu na ngazi.

"Katika maelezo yako ulisema Jumamosi ile ulishinda nyumbani, mgongo unakuuma," Bertilla alianza.

"Ndiyo."

"Shamba hukwenda."

"Sikwenda."

"Maharage umeshapanda mwaka huu?"

"Kidogo tu. Mgongo ulipopoa."

"Ulipopoa lini? Tangu Jumapili asubuhi uko hapa wodini, manesi wanasema hata nguo unaletewa."

Bertilla alifungua leso. Kiharage kilikuwa kimelala katikati, na madoa yake yalionekana vizuri kwenye mwanga. Agnesi alikitazama lakini hakukigusa.

"Hii mbegu unaijua?"

"Ni ya kwetu. Mama hunitumia. Kate nzima wanayo."

"Kate nzima, kweli. Hapa Kizwite anayo nani mwingine?"

Mwanamke alitazama uani, kule wagonjwa walikoanika nguo.

"Koplo wangu hajui kilimo cha huku," Bertilla alisema, kama anayelalamika kwa jirani. "Leo asubuhi amelikanyaga lile tuta kwa buti. Miche ilikuwa imetoka vizuri, ameivunja."

"Yote?" Agnesi aliuliza haraka.

Neno lilipomtoka alilisikia mwenyewe. Alifunga mdomo, akaukandamiza kwa kiganja, lakini lilikuwa limekwisha kutoka, na Maganga kule kwenye ngazi alikuwa ameinua kichwa.

"Siyo yote," Bertilla alisema. "Agnesi, ulikuwa umemaliza. Mkoba umefunikwa, hakuna aliyekuona. Kwa nini ulipanda?"

"Sasa tuta utaliacha tupu, Afande?"

Alisema hivyo bila kiburi na bila hila, kama anayemkumbusha mtoto kunawa mikono. Kisha akakaa kwenye sakafu ya baraza, miguu ameinyoosha mbele kama mtu wa matanga.

Bertilla alikaa naye. Alimweleza, kama sheria inavyotaka, kwamba halazimiki kusema na kwamba atakachosema kitaandikwa. Agnesi aliitikia kwa kichwa, lakini alikuwa kama hasikii.

"Mawe yale ni yetu," alisema. "Mimi na yeye. Tulikaa dawati moja. Picha ile niliikata mimi kwa wembe kwenye kalenda ya mjomba, nikachapwa kwa ajili yake, nikampa aitunze kwa kuwa kwao paa lilikuwa halivuji. Mumewe alipokufa nililala sakafuni kwake mpaka arobaini ikapita. Halafu anakuja mtu na suti yake ya kwaya, hata ugali wa ulezi hawezi kusonga, na ndiye anakaa na Lydia kupanga tutalala wapi, tutakunywa nini, tutasimama jiwe gani tupige picha."

"Jumamosi ulikutana naye kichochoroni."

"Nilikuwa natoka kupanda. Nikamwuliza, na mimi? Akasema na wewe upo, Agnesi, wewe na wengine wote mmo. Na wengine! Nikamwambia, Cornelia amekupa nini ambacho mimi sijakupa? Cornelia ni nani kwako? Akacheka. Akasema nina wivu kuliko mume. Akanipa mgongo akaondoka, anaendelea kucheka." Alitazama mikono yake. "Sikutaka kumuua. Nilimpiga ili ageuke. Nilitaka ageuke tu, anitazame."

"Na mkoba?"

"Ili waseme ni vibaka. Nikaenda nao nyumbani, lakini kulala nao sikuweza. Alfajiri, kabla ya Misa ya kwanza, nikarudi. Nyasi za yule kibarua zilikuwa pale zimekatwa, matuta yamejaa shamba. Nani angeona limeongezeka moja? Kisha nikaenda kanisani, halafu nikaja huku."

"Ridhiwani amekamatwa Ijumaa. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ana watoto. Kesho angesomewa mashtaka ya kutaka kuua."

"Kila siku nilisema kesho nitakwenda kituoni. Nikimnawisha uso asubuhi, nikiona ananijua mimi kabla ya wote, nasema tena kesho." Hapo aliinua macho, na kwa mara ya kwanza yalikuwa makavu na magumu. "Tena Ridhiwani naye. Ndiye aliyemwambia ajaze gari."

Maganga aliacha kuandika. Bertilla alivuta pumzi, akafanya ishara ya msalaba bila kuinua mkono juu sana, akasimama.

"Agnesi, uko chini ya ulinzi kwa kumjeruhi Lydia. Simama, mama."

Alimpigia simu mkuu wa upelelezi hapohapo barazani. Alisema maneno machache: kwamba faili la Ridhiwani lisipelekwe, kwamba anakuja na mwingine aliyekiri pamoja na vielelezo, na kwamba mke wa Ridhiwani yuko njiani kuja kutoa maelezo. "Na kama inawezekana, mkuu, aachiwe kabla jua halijazama. Afuturu kwake." Alisikiliza, akaitikia, akakata.

Agnesi hakuomba kurudi wodini. Alitembea mpaka kwenye gari akiwa ameinamisha kichwa, akapanda nyuma mwenyewe, akatoa mikono avishwe pingu. Maganga alipokwisha kufunga mlango, ndipo aliposogeza uso kwenye wavu.

"Afande, usiku nani atamlisha?"

"Manesi wapo."

"Manesi hawajui. Anakabwa akimeza, lazima umshike kisogo. Na uji uwe wa ulezi mtupu, ukichanganya mahindi anautapika."

"Nitatafuta mtu."

"Yeyote utakayempata. Hata Husna, sitasema kitu." Vidole vyake vilishika wavu. "Ila Cornelia hapana. Nakuomba kwa jina la Mungu, Afande. Nifunge unavyotaka. Cornelia hapana."

Bertilla alipanda mbele bila kujibu. Maganga aliondoa gari, akaliongoza taratibu kati ya akina mama waliokuwa wakileta vyakula vya jioni. Getini ilibidi asimame. Mwanamke kijana aliyejitanda mtandio wa buluu alikuwa akiingia, chupa ya uji ameikumbatia kifuani, na alipoliona gari la polisi alisogea dirishani akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Afande. Eti leo wataniruhusu kumwona? Nimekuja mara nyingi naambiwa amelala."

Nyuma ya gari pingu ziligonga wavu.

"Marahaba, Cornelia," Bertilla alisema. "Uji wa nini huo?"

"Ulezi mtupu. Nimemuuliza jirani yangu, kaniambia huku mgonjwa anapewa huo."

Bertilla aliitazama chupa.

"Kitanda cha dirishani," akasema. "Anapomeza, umshike kisogo."

"Asante, Afande. Mungu akubariki."

Cornelia alipita ubavuni mwa gari, hatua za haraka, mtandio unapepea. Agnesi aligeuza shingo kadiri alivyoweza, akamfuata kwa macho uani, akamfuata barazani, na hata mlango wa wodi ulipofungwa nyuma yake bado alikuwa ameukodolea.